Mchoraji uliyejifunza mwenyewe: picha yako ni mali yako, hata ukiwa mkimbizi

Je, unachora bila kuwahi kusoma shule ya sanaa? Unachora majirani zako, harusi, foleni ya maji au safari ya kukimbia? Iwe unaishi Ngagara mjini Bujumbura, au uko kambini Nyarugusu au Kakuma, makala hii inakueleza kwa nini kazi hiyo ina thamani, una haki gani juu yake na namna ya kuilinda.

Kwa nini picha za jamii ni muhimu?

Tuanze na Ngagara. Mtaa huu uko kaskazini mwa Bujumbura, na wengi bado wanauita OCAF, jina la ofisi ya Wabelgiji iliyojenga nyumba zake. Baada ya vita kuanza mwaka 1993, majirani walitengana: Ngagara ilibaki na Watutsi wengi, Kamenge ikabaki na Wahutu. Kituo cha Vijana cha Kamenge kiliwakutanisha tena vijana wa mitaa hiyo, na mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood.

Mahali kama hapo, mtu anayechora "sisi" hafanyi jambo dogo. Watu wataangalia nani yumo kwenye picha na nani ameachwa nje.

Je, mtu asiyesoma sanaa anaweza kweli?

Ndiyo. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa mwaka 1947 mjini Lubumbashi na alijifunza kuchora mwenyewe. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hakuishia kuchora. Alimsimulia mtafiti Johannes Fabian kila picha, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na maneno yake yakarekodiwa. Miaka ya 1980 habari zake zilipotea, lakini maelezo yake bado yapo kwa sababu yalihifadhiwa pamoja na picha. Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno kwa picha za namna hiyo: ukumbusho.

Sheria inasema nini?

Ibara ya 14 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inahusu kazi za sanaa. Inasema kwamba, katika nchi anakoishi kwa kawaida, mkimbizi apewe ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimejiunga na mkataba huo.

Mambo mengine ya kujua kuhusu hakimiliki:

- Haki inaanza unapochora. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao Burundi, Tanzania na Kenya ni wanachama, picha inalindwa hata kama hujaisajili. Ulinzi huo unaendelea kwa angalau miaka 50 baada ya mchoraji kufariki.
- Kuuza picha si kuuza haki zote. Aliyenunua anaweza kuitundika ukutani. Kwa kawaida hawezi kuichapisha kwenye fulana au kalenda bila ruhusa yako.
- Mtindo haulindwi. Edward Saidi Tingatinga, naye aliyejifunza mwenyewe, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Leo wachoraji wengi wanatumia mtindo wake, na hilo linaruhusiwa. Kunakili picha ya mtu na kuiuza kama yako ni jambo jingine.
- Kuwa makini na kazi ya kuagizwa. Ukilipwa na shirika au mtu ili umchoree, haki inaweza kuwa yake, kulingana na sheria ya nchi na makubaliano yenu. Uliza kabla ya kushika brashi.

Ufanye nini sasa?

1. Andika jina lako na mwaka kwenye kila picha. Kama kuandika jina lako kunaweza kukuhatarisha, tumia jina la kisanii.
2. Nyuma ya picha, andika sentensi chache: ni nani, ni wapi, ni tukio gani.
3. Ipige picha kwa simu kabla ya kuiuza au kuitoa, na umtumie nakala mtu unayemwamini. Ukilazimika kuhama tena, nakala itabaki.
4. Rekodi sauti yako ukiieleza picha, kwa lugha unayoizungumza nyumbani.
5. Mtu akitaka kuitumia kwenye ripoti, bango au mtandao, mwandikiane: itatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kama jina lako litatajwa.
6. Ukichora sura ya mtu halisi, mwombe ruhusa. Picha inayoonyesha alikotoka au yaliyompata inaweza kumletea hatari, yeye au ndugu zake waliobaki nyumbani. Akikataa, badilisha sura au acha.

Mkiwa wachoraji kadhaa, fikirieni kuungana. Wafuasi wa Tingatinga waliunda ushirika wao mwaka 1990. Mnunuzi anayemshusha bei mchoraji mmoja hupata kazi ngumu zaidi mbele ya kikundi chenye bei moja.

Kama picha yako imetumiwa bila ruhusa, usitupe ushahidi. Hifadhi nakala yako, tarehe na ujumbe wote mlioandikiana, kisha uombe ushauri kwa ofisi ya hakimiliki ya nchi unakoishi au kwa shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi katika eneo lako.