Kukesha na Kushtuka

Wahenga walinena: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa neno hili twapenda kuwaeleza wasikilizaji wetu tofauti ya kukesha na kushtuka.

Tarehe 2 Aprili mwaka wa 2015, watu wenye silaha wa Al-Shabaab, mmoja wao Mkenya, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, katika nchi ya Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla ya mapambazuko, hitilafu ya umeme ilileta mlipuko karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu. Wanafunzi walidhani adui amekuja, na wengine wakaruka madirishani kutoka ghorofa za juu. Mmoja alikufa, na zaidi ya mia waliumia. Wala hapakuwa na adui hata mmoja.

Je, tuwalaumu? La, hofu yao ilikuwa na sababu. Walakini twaona ya kuwa hofu ile ilidhuru watu hali wauaji wenyewe wamekwisha kufa.

Basi yatupasa kufanyaje? Tukiona mzigo usio na mwenyewe, tusiuguse. Tujitenge nao, tukawaarifu polisi. Tusimshuku mtu kwa kabila wala dini wala mavazi yake, bali tutazame atendalo. Tusieneze neno tusilolihakikisha. Tena, kila tulalapo ugenini tuijue mapema milango ya kutokea, kwa maana ajuaye mlango haruki dirisha.