Elimu ya Darasani na Habari za Sokoni

Mafunzo ya biashara ndogo kwa kawaida humfundisha mwenye duka kuandika daftari la mauzo na kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Ni mambo mema, lakini ushahidi kwamba yanamwongezea faida ni haba kuliko wafadhili wanavyodhani. Huko Dandora, Nairobi, watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake wenye biashara changa: baadhi wakaingia darasani, baadhi wakaunganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa mtaa huohuo, waliobaki wakaachwa walivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wa darasani walibadili namna ya kutunza hesabu, ila faida haikupanda. Waliopata mshauri walizidi wenzao kwa takriban asilimia 20, hasa kwa sababu walijua pa kununulia bidhaa kwa bei nafuu zaidi.

Nyongeza hiyo ilififia mikutano na washauri ilipokoma. Wapo watakaosema basi ushauri nao haufai kitu; mimi naona kinyume chake. Kanuni za hesabu hazichachi, lakini habari za sokoni huchacha upesi: muuzaji wa jumla hupandisha bei, mzigo huchelewa, wateja huanza kuulizia kitu kingine. Anayejifunza mara moja hubaki na picha ya soko la jana. Ndiyo maana matokeo ya Togo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yana uzito. Katika utafiti uliohusisha wafanyabiashara wadogo 1,500, mafunzo ya kawaida hayakuleta ongezeko la faida linaloweza kutofautishwa na bahati, ilhali waliozoezwa kutafuta habari wenyewe, kuiwahi fursa na kujiandaa kwa vikwazo waliongeza faida kwa asilimia 30. Hao walifundishwa tabia ya kuuliza, nayo haipitwi na bei mpya.

Pingamizi kubwa ni la mtaji: mwenye njaa ya fedha ujuzi utamfaa nini? Hoja hii haipuuziki. Nchini Sri Lanka, wafanyabiashara wadogo waliopewa ruzuku walipata kwa wastani faida ya asilimia 5 hivi ya fedha hizo kila mwezi, kiwango ambacho wakopeshaji wengi wangekionea wivu. Lakini kwa wanawake waliopewa ruzuku hiyohiyo, faida haikuongezeka. Ujuzi peke yake hauelezi tofauti hiyo, maana aina ya biashara na mahitaji ya nyumbani huchangia. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba mtaji haujichagulii pa kwenda. Kwa hiyo halmashauri yenye bajeti ndogo ingefaa ipunguze siku za semina hotelini (posho zitalalamikiwa, bila shaka) na kuwalipa wazoefu wa soko lenyewe wakutane na wageni wa biashara mwaka mzima.