Unga wa kijani: dawa au kitoweo?

Neno "dawa" limegeuka jamvi la wageni. Kila kiuzwacho ndani ya chupa ndogo hukaribishwa juu yake, na mgeni wa karibuni ni spirulina, ule unga wa kijani unaotiwa vidongeni na kunadiwa kwa wazazi na walimu kwamba humwongezea mwanafunzi damu, nguvu na hata akili.

Aghalabu huitwa mwani, japo mwani tuujuao pwani ni ule wa baharini, ambao wakulima wa Unguja na Kwale huufunga kambani na kuuza ng'ambo. Spirulina ni kiumbe kisichoonekana kwa macho kikiwa kimoja, kiishicho katika maji ya magadi. Wanasayansi hukiweka katika jamii ya bakteria. Hapa kwetu ndicho chakula cha heroe wadogo wa Bogoria na Nakuru, tena ndicho kiwapacho rangi yao ya waridi.

Huko Chad, wanawake wa Kikanembu hukichota kandokando ya ziwa, wakakimwaga juu ya mchanga, maji yakazama na utando ukakauka juani. Kisha huukata vipande na kuvipeleka sokoni. Mfaransa Pierre Dangeard alikieleza kitu hicho mnamo 1940. Mbelgiji Jean Léonard akakikuta tena katika miaka ya 1960. Wenyewe hukiita dihé, na kwangu mimi mwanaisimu hapo ndipo penye uzito: dihé ni jina la chakula. Hupondwa, kikatiwa katika mchuzi wa samaki au nyama, kikateremshiwa ugali wa mawele. Hakuna anayekimeza kwa maji kama kwinini.

Sasa tufanye hesabu. Unga mkavu una protini kadiri ya asilimia 60, kiwango kikubwa kwelikweli. Walakini gramu 10 zitampa mlaji gramu 6 tu, sawa na yai moja, na vidonge vinne vya nusu gramu havitafikisha hata gramu 2. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama gramu 15, na kwa bei ya chupa moja mzazi angenunua maharagwe ya majuma kadhaa. Madini ya chuma yamo, sikatai, na beta-karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ama vitamini B12 isifiwayo sana, sehemu yake kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa asiitegemee.

Wala asije mtu akaenda kujichotea ziwani. Humo humo mna jamaa zake wenye sumu, na watafiti wameikuta sumu hiyo Bogoria na Nakuru, wakaihusisha na vifo vya heroe. Iliyo salama ni ile iliyokuzwa katika mabwawa yanayotunzwa na kupimwa. Muuzaji akiulizwa kidonge chake kina gramu ngapi na kimetoka katika maji yapi, aghalabu hujibu kwa kutaja orodha ya maradhi.