PUA INAYOZIBA UPANDE MMOJA

Hapa Kinyangiri sote tunajua vumbi la kupura mtama na alizeti. Likikuingia puani unapiga chafya, pua inaziba, kisha inazibuka. Hayo ni ya kawaida. Lakini kama pua yako huziba upande uleule mwaka mzima, hata wakati wa mvua, soma habari hii.

Ndani ya pua mna ukuta unaotenganisha matundu mawili. Mbele ukuta huo ni gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio. Nyuma ni mfupa mgumu. Watu wengi ukuta wao umepinda kidogo na hawana shida. Wengine umepinda sana, ukabana njia ya hewa. Mtu huweza kuzaliwa nao hivyo. Au umepinda kwa kuumia: kuanguka na baiskeli, ngumi ya kilabuni, teke la punda.

Jipime. Funga mdomo, ziba tundu moja kwa kidole, vuta hewa. Kisha upande wa pili. Rudia siku nyingine. Hata pua isiyo na ugonjwa hubana kidogo upande huu kwa saa chache, kisha ule. Upande wa kutilia shaka ni ule usiobadilika.

Shida yake haiishii puani. Mtu huyu hulala mdomo wazi, hukoroma, huamka koo limekauka. Asubuhi amechoka kabla hajashika jembe. Nyumbani huitwa mvivu. Si haki! Asiyelala vizuri hawezi kulima sawa na aliyelala. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walitoa maswali matano ya kupima taabu hii. Pua imejaa? Imeziba? Unapata shida kupumua kwa pua? Unalala vibaya? Ukifanya kazi ngumu, hewa ya puani inatosha? Ukiyatazama, yote yanauliza maisha ya mgonjwa, si ukubwa wa pindo la ukuta.

Sasa matibabu. Matone ya dukani huzibua pua kwa muda mfupi. Ukiyatumia zaidi ya siku chache, pua huziba kuliko mwanzo. Tena hayanyooshi mfupa. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe. Isiposaidia, kuna upasuaji. Daktari hupitia ndani ya tundu la pua, wala uso haukatwi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023 ulihusu watu wazima 378. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walipata nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa za kupuliza.

Mimi ni bwana shamba, sipasui mtu. Wewe anzia kituo cha afya. Eleza ni upande gani, tangu lini, na unalalaje. Uliza kuhusu barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Maana si kila pua ya namna hii ni ukuta. Mtoto anayetoa uchafu wenye harufu upande mmoja huenda ameingiza kunde puani. Mtu mzima anayetoka damu upande mmoja mara kwa mara achunguzwe kama ana uvimbe.

Jambo moja halingoji kesho. Mtu akigongwa puani, kisha pua ikavimba ndani na kuziba kabisa, huenda damu imejikusanya kwenye ukuta. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Damu hiyo isipotolewa gegedu hufa, ukuta hutoboka, na pua hubonyea.