Burundi, na Waswahili Wasio na Pwani

Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834, milima kila upande, na Ziwa Tanganyika kusini-magharibi. Sensa ya 2008 ilihesabu watu 8,053,574. Fedha yake ni faranga. Mazao yake makuu ya biashara ni kahawa na chai. Mikoa ilikuwa 18, na mwaka 2025 ikapunguzwa kuwa 5.

Takwimu zitoshe. Mtanzania anayeingia Bujumbura kutokea Kigoma huzisahau zote akishafika Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa mafundi magari, wauza vipuri, misikiti na soko la Ruvumera. Hapo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, mtoto hukinyonya kwa mamake. Wakazi wake huitwa Waswahili, nao hujiita hivyohivyo, ingawa ukiwauliza asili ya babu zao utasikia Umanyema, Ubembe, Ujiji na Burundi yenyewe. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo!

Jina hilo lina safari ndefu. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil, yaani ya mwambao. Lakini watu wa misafara waliofika ziwani karne ya 19 walipenda kujiita Waungwana, ndiyo maana Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Kisha wakaja Wajerumani na kituo chao cha Usumbura, pamoja na askari na makarani waliosema Kiswahili. Wabelgiji walioshika nchi mwaka 1916 nao wakaufanya Buyenzi kuwa mtaa wa Waswahili, nje ya himaya ya machifu. Mjukuu wa Mmanyema aliyezaliwa na mama Mrundi, akikaa Buyenzi na kusali msikitini, basi ni Mswahili.

Wamongolia wanayajua haya. Kabla ya 1206 jina lao lilikuwa la kabila moja kati ya mengi ya nyikani. Genghis Khan alipoyaunganisha, Wakerait na Wanaiman nao wakaitwa Wamongolia. Kule jina lilienezwa na upanga. Buyenzi lilienezwa na biashara, dini na daftari la mkoloni.

Halikukosa mwiba. Katika Kirundi, kumwita mtu Mswahili kwaweza kuwa kumwambia ni mjanja asiyeaminika. Tanzania haina haki ya kuwacheka majirani kwa hilo. Dar es Salaam mitaa duni huitwa Uswahilini, na mtu akivunja ahadi husemwa ana uswahili. Nchi inayojisifu kuwa kitovu cha Kiswahili imeligeuza jina la wenye lugha kuwa tusi, na inapaswa kuona haya.

Buyenzi hawakulitupa jina lao, na siasa ya uhuru iliwakuta mstari wa mbele. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipata humo wafuasi wengi wa chama chake cha UPRONA, kilichoshinda uchaguzi wa Septemba 1961. Aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, Urundi, jina lenye umbo la Kiswahili, likawa Burundi, na Usumbura ukawa Bujumbura. Waswahili wakabaki Waswahili, na leo Kiswahili kinafundishwa shuleni hata kwa watoto wa milimani ambao wazazi wao hawakukisema.