Kigiriama Nyumbani, Kibao Shingoni

Ukisafiri kutoka Mtwapa, ukapita Kilifi mjini na Gede hadi ukaingia Malindi, utakisikia Kigiriama kila unapoteremka. Utakisikia sokoni, matangani, ndani ya matatu na chini ya minazi inakogemwa tembo. Lakini ukiingia katika shule iliyo kando ya barabara iyo hiyo, ni nadra sana kukikuta kimeandikwa ubaoni. Watoto hukiacha langoni asubuhi kama fimbo ya kuchungia mbuzi, na jioni hukiokota tena.

Haikuwa hivyo tangu awali. Msomaji huenda akadhani kwamba lugha yetu haijapata kuandikwa, na kwamba ndiyo sababu haisomeshwi. La, hasha! Lugha za Wamijikenda ni miongoni mwa lugha za bara la Kenya zilizotangulia kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo chao cha misheni Rabai mwaka wa 1846, wakaanza kukusanya maneno ya wenyeji. Kamusi iliyotokana na kazi yao ilichapishwa mwaka wa 1887, wakati wote wawili wamekwisha kufariki. Waliiita lugha hiyo Kinyika, jina ambalo wenyewe hatulipendi. Mwaka wa 1891 W. E. Taylor alitoa kitabu chake cha msamiati wa Kigiriama. Kisha mwaka wa 1964 ikatoka kamusi ya Kigiriama na Kiingereza ya Florence Deed, iliyochapishwa na East African Literature Bureau.

Hao walikuwa wageni, na walikuwa na shabaha zao. Hata hivyo, mtoto aliyeingia shule ya misheni siku hizo alianza kusoma kwa maneno aliyoyajua kwa mama yake. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alisoma miaka minne tu, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, akarudi kulima. Lakini hadi uzeeni alikuwa akisoma Kitabu cha Mungu kwa Kigiriama bila kukwama, na barua zote za ukoo wetu aliziandika yeye. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu. Siku moja alinipa kitabu chake nimsomee, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka. Mstari wa kwanza ulinishinda. Niliona "mut'u" na "at'u" nisijue ile alama iliyo juu ilikuwa ya nini, ingawa maneno hayo, yaani mtu na watu, nimeyatamka tangu nilipoanza kusema. Mzee wa miaka minne ya shule alinifundisha kusoma lugha yangu mwenyewe, akiwa amefumba macho.

MLANGO ULIVYOFUNGWA

Kati ya babu na mjukuu kulipita nini? Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianza nchini mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, nao ukaenea upesi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde iliuunga mkono katika ripoti yake ya Desemba 1964. Lugha za nyumbani ziliachiwa kipindi cha hadithi. Tazama basi maajabu ya mambo: mwaka ule ule Wagiriama walipopata kamusi, ndio mwaka lugha yao iliposogezwa pembeni mwa darasa.

Sisi tulioanza shule mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikuta kazi imekwisha. Shuleni kwetu, ambapo sitapataja jina, palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika wa kwanza akisema Kigiriama alivishwa shingoni, naye akawa hana budi kumvizia mwenzake ili amvishe. Jioni mwalimu alimwita aliyekuwa nacho, akamwuliza alikipata kwa nani, na huyo naye kwa nani, hata mnyororo mzima ukapangwa mstari kwa viboko. Tulijifunza kunyamaza, na tulijifunza kupelelezana. Sikumbuki kwamba tulijifunza Kiingereza zaidi kwa sababu ya kibao kile.

Lakini muhula wa tamasha la muziki ulipofika, mwalimu yule yule alitupanga uwanjani tuimbe na tucheze ngoma za kwetu, na mmoja aliyekosea neno la Kigiriama alikemewa. Kombe lilipopatikana liliwekwa kabatini, karibu na msumari ulioning'inizwa kibao. Lugha ilifaa kwa kuletea shule sifa; haikufaa kwa kumwomba mwenzako penseli.

"KISWAHILI SI KINATOSHA?"

Hapa pwani pana hoja moja ambayo wenzetu wa bara huenda hawaijui. Tukidai Kigiriama kifundishwe, hujibiwa: "Ninyi mna nini? Kigiriama na Kiswahili si kitu kimoja? Mtoto wenu asome Kiswahili, kinatosha." Wengine huenda mbali zaidi, wakasema kwamba Kigiriama ni Kiswahili kilichoharibika.

Kweli, lugha hizi ni ndugu. Wataalamu huziweka Kiswahili, lugha za Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Ngazija katika kundi moja liitwalo Sabaki, jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Lakini ndugu si pacha, wala mdogo si kivuli cha mkubwa. Nami nakipenda Kiswahili. Ndicho ninachokiandikia makala haya, na ndicho kinachonikutanisha na Mkenya wa Kisumu na Mtanzania wa Tabora. Ninalolikataa ni kukitumia kama kifuniko cha kumzimia mwenzake.

Tena undugu huo ungekuwa faida kubwa kama ungetumika. Mgiriama husema "muhi," Mswahili husema mti. Mgiriama husema "muho," Mswahili mto. "Hahu," Mswahili tatu. Tena sisi husema "madzi," "mudzi," "dzina" na "dzuwa," na Kiswahili kikasema maji, mji, jina na jua. Mwalimu anayejua haya angewaambia watoto: "Mara nyingi penye h yenu pana t, na penye dz yenu pana j." Kwa maneno machache tu, angewafungulia mamia ya maneno. Badala yake, tulipoandika "muhi" katika insha, tulichorewa mstari mwekundu, na mtoto akarudi nyumbani akiamini kwamba mama yake hajui kusema.

HAKI ILIYO KARATASINI

Asiseme mtu kwamba Serikali haijasikia. Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotumika sana katika eneo la shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, jambo jema sana. Lugha za nyumbani hazikutahiniwa, na kila mzazi ajua kwamba somo lisilo na mtihani ndilo la kwanza kuibiwa kipindi.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wenyeji, na kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka wa 2019, umeweka lugha za kiasili kati ya masomo ya gredi ya kwanza hadi ya tatu. Kwa hiyo haki imerudi, lakini imerudi bila viatu. Nenda shule nyingi za Kilifi uulize kitabu cha Kigiriama au cha Kichonyi, uone utakavyotazamwa. Kipindi kimo kwenye ratiba. Kinapofika, watoto hufanya hesabu.

Wapo wenye mashaka, nao wasikilizwe. Darasa la Malindi mjini au la Mtwapa lina watoto wa makabila mengi. Huko Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani, na hapana ubaya. Wengine wauliza: katika lugha tisa za Kimijikenda, tuchukue ipi? Jibu ni kwamba Kaloleni si Malindi, na Ganze si Rabai. Kila sehemu ijichagulie. Tena wako wanaohofia ukabila. Nijuavyo mimi, chuki haijaletwa na mtoto kujua kusoma hadithi ya bibi yake. Kibao kile kilichotufundisha kuchongeana ndicho kilichopanda chuki.

Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya 2019, Wamijikenda ni karibu milioni 2.5. Lugha yenye watu wengi kiasi hicho haifi kesho. Itaendelea kusemwa, hata redioni. Hatari yake ni nyingine: itabaki lugha ya midomo tu, na vitabu vyake vitabaki kwa watafiti wa ng'ambo, wenyewe tusiweze kuvisoma.

Dawa yake si ghali. Kaunti ichapishe vijitabu vidogo vya hadithi na methali. Walimu wazaliwa wa hapa wafundishwe namna ya kuandika lugha zao. Wazee waalikwe darasani mara moja kwa juma, wangali hai. Na sisi wazazi tuwaulize walimu wakuu, bila ugomvi lakini bila kuchoka: kile kipindi cha lugha kilicho kwenye ratiba, juma hili kilifundishwa nini?