Kanisa Lililobadilika Rangi Kila Saa

Februari 1892 mchoraji Claude Monet alifika Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, akapata chumba mkabala na kanisa kuu la mji. Dirishani hapakuwa na cha kutazama ila ukuta wa mawe ya kijivu, umechongwa toka chini hadi juu. Ndio alioutaka. Alitaka kuona jua linaufanya nini.

Alipanga turubai nyingi, kila moja na saa yake: hii ya ukungu wa asubuhi, ile ya jua la mchana, nyingine ya magharibi. Mwanga ukihama, anaweka kando aliyokuwa nayo na kuchukua inayofuata. Zilifika hata tisa kwa siku, naye amesimama muda wote. Usiku akaota kanisa linamwangukia, likiwa la samawati, la waridi, la njano. Ndoto hiyo alimsimulia kwa barua Alice, aliyemwoa Julai mwaka huohuo. Februari 1893 akarudi, ili alikute jua palepale.

Tazama ile picha ya jua kali. Ndani ya mlango, mahali ambapo wengi wangetia nyeusi, mna rangi ya chungwa iliyoiva, na vivuli vya mawe ni buluu. Nyeusi Monet alikuwa ameiacha kitambo.

Husemwa alikuwa fundi wa kunasa dakika. Naona sifa hiyo inampunja, maana rangi ya mafuta haina haraka. Haikauki kama nguo kambani. Nguo hupoteza maji. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo kwenye rangi hubaki palepale, yakivuta oksijeni hewani mpaka yagande, na tabaka nene huchukua majuma, pengine miezi. Ukipaka juu ya rangi mbichi, brashi huiburuta ya chini na zote mbili huwa tope. Ukisubiri, ganda hufanya vinundu. Pitisha hapo brashi yenye rangi kidogo, kavukavu: itashika kwenye vinundu tu, na mabondeni itabaki rangi ya zamani. Jicho hupokea zote mbili kwa mpigo, na jiwe linaonekana kama linapumua jua.

Kazi hiyo haikuweza kumalizwa dirishani. Picha hizo, takriban 30, alizibeba hadi nyumbani kwake Giverny, akaendelea nazo mbali na kanisa, akizilinganisha moja na nyingine. Ndiyo maana nyingi zina sahihi ya mwaka 1894, ingawa Rouen alikwishaondoka. Mei 1895, 20 kati yazo zilionyeshwa Paris, kwa mfanyabiashara wa sanaa Durand-Ruel.

Tano ziko leo katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Ukijaliwa kufika, anza kwa mbali, kisha sogea hatua kwa hatua, mpaka kanisa lipotee na mbele yako pabaki rangi tupu, nene na yenye mikwaruzo kama ukuta uliopigwa lipu.